Bangi, Kodi na Kifungo cha Miaka 30

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na mwenzetu ambaye ni mtumishi wa Serikali. Inachapwa hapa kwa ombi la wanachama.)

Ndugu Mwenyekiti, waalimu wetu mliotufundisha, wazee mliotutangulia katika madawati yale, ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, na nyinyi wadogo zetu wa Kidato cha Sita mliopewa ruhusa ya kukaa nasi mchana huu:

Kamati imenipa nusu saa, na imenipa jambo ambalo kwa kawaida halisemwi katika ukumbi wa shule. Nimetakiwa nieleze kama kuihalalisha bangi kungeleta faida katika uchumi wetu, na kungeibadili vipi sheria yetu. Nilikubali kwa sababu moja. Maneno haya yanasemwa kila siku: katika vijiwe vya kahawa vya Kariakoo, ndani ya daladala, na hata ofisini wakati wa chai. Lakini husemwa kwa kelele, na jambo linalosemwa kwa kelele halipimwi. Naomba leo tulipime. Mimi ni mtumishi wa Serikali, lakini sikutumwa na Serikali. Ninayosema ni yangu mwenyewe, na lawama zake ziwe zangu.

Hoja yenyewe mnaijua. Husemwa hivi: "Wenzetu wa Marekani na Canada wameihalalisha. Wanatoza kodi, wanajenga shule. Sisi tuna ardhi, tuna mvua, na mmea wenyewe unaota bila mbolea. Tunangoja nini?" Ni hoja yenye kuvutia, hasa kwa kijana asiye na kazi. Lakini ukiisikiliza vizuri utaona kwamba ndani yake mna mambo matatu yaliyofungwa katika furushi moja. La kwanza ni kufungua maduka ya bangi na kutoza kodi. La pili ni kuilima kwa leseni ili tuiuze nchi za nje kwa ajili ya dawa. La tatu ni kuacha kumfunga gerezani miaka mingi mtu aliyekutwa na bangi. Haya si jambo moja. Nchi inaweza kufanya moja ikayaacha mawili. Kwa hiyo nitalifungua furushi na kuyatazama moja moja.

Kabla ya hapo, hebu tujue sheria yetu inasema nini leo. Neno bangi lilitufikia kutoka India, na biashara ya Bahari ya Hindi ndiyo iliyouleta mmea wenyewe katika pwani yetu tangu zamani. Katazo ni la juzi. Mkataba wa kimataifa uliotiwa sahihi Geneva mwaka 1925 ndio ulioiingiza bangi katika orodha ya dawa za kudhibitiwa duniani, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 ukakaza kamba zaidi. Tanzania imo katika mkataba huo. Hapa nyumbani Bara tulikuwa na Sheria Namba 9 ya mwaka 1995, na sasa tunayo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Namba 5 ya mwaka 2015, pamoja na marekebisho yake. Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake.

Chini ya sheria hiyo ya 2015, adhabu ya kulima bangi ni kifungo cha miaka 30. Adhabu ya kuisafirisha au kuiuza ni miaka 30, na mzigo ukiwa mkubwa ni kifungo cha maisha. Tena neno "kusafirisha" katika sheria ni pana sana. Kununua kumo, kuuza kumo, kumpa mtu kumo, kuhifadhi kumo, na hata kuwa nayo tu kumo. Kipo kifungu chenye adhabu nyepesi kwa mwenye kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe, lakini mpaka kati ya mvutaji na mfanyabiashara unategemea sana hati ya mashtaka ilivyoandikwa. Nitalirudia jambo hili, maana kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote.

Sasa tuanze na maduka na kodi.

Jimbo la Colorado huko Marekani ndilo linalotajwa zaidi, na ni haki litajwe. Watu wake walipiga kura Novemba 2012, na maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Mfano huu unatufaa kwa sababu idadi ya watu wa Colorado haiko mbali na ya Mkoa wa Dar es Salaam: sensa ya mwaka 2022 ilitukuta hapa mjini watu 5,383,728, na wao ni karibu milioni 5.8. Waliahidiana kwamba dola milioni 40 za mwanzo za ushuru mmojawapo kila mwaka zitajenga shule. Mwaka 2021 mauzo yalizidi dola bilioni 2.2, na Serikali ya jimbo ikapata zaidi ya dola milioni 400. Mtu akisikia hesabu hiyo lazima amezwe na mawazo.

Lakini hesabu haikuishia hapo. Kufikia mwaka 2023 mauzo yalikuwa yameshuka hadi kama bilioni 1.5, na mapato ya kodi yakashuka chini ya milioni 300. Sababu zake ni zile zile anazozijua muuza nyanya yeyote. Majimbo mengine nayo yalifungua maduka, wateja wakanunua kwao. Wakulima walikuwa wengi kupita kiasi, bei ikaanguka. Serikali iliyotegemea fedha hizo ikalazimika kukaza mkanda. California, iliyopiga kura mwaka 2016, ilikuta kwamba kodi ikiwa kubwa, wauzaji wa magendo wanaendelea na kazi yao kama kawaida, kwa sababu bei yao ni ndogo. Ilibidi jimbo hilo lifute ushuru wa mkulima mwaka 2022 ili wenye leseni wapumue.

Na hata hayo mapato ya Colorado, ndugu zangu, hayakuja yenyewe. Jimbo lile lilifanya nini? Liliamuru kila mche wa bangi katika shamba la biashara uwe na kibandiko chenye namba, na namba hiyo imfuate mche tangu shambani, ghalani, kwenye mizani, hadi juu ya meza ya muuzaji. Waliweka wakaguzi, kompyuta na kamera. Kwa maneno mengine, walijenga mlango mwembamba, wakasimama mlangoni wakikusanya.

Nataka mlishike neno hilo, kwa sababu ndilo siri ya ushuru wote. Ushuru hupenda mlango mwembamba. Bia inatozwa kwa urahisi kwa sababu inatoka katika viwanda vichache, na lori lazima lipite getini. Sigara kadhalika. Hata hivyo, pamoja na uchache wa viwanda hivyo, Serikali iliona ni lazima kuanzia Januari 2019 kubandika stempu za kodi za kielektroniki kwenye sigara na pombe, maana bila stempu zilikuwa zinapita pembeni. Sasa nawauliza: bangi ina geti gani? Inaota Arumeru milimani, inaota bonde la Mto Mara huko Tarime, inaota Morogoro katikati ya mahindi, na inaweza kuota katika ndoo nyuma ya nyumba ya Gerezani.

Basi twendeni Kariakoo, maana ni hapa karibu na wengi wetu tumekulia huko. Kariakoo ni soko la nchi nzima, na la nchi jirani pia. Wanakuja wafanyabiashara wa Lubumbashi, wa Lusaka, wa Lilongwe, wa Bujumbura. Vitu vinavyouzwa pale ni halali kabisa: vitenge, simu, vyombo, viatu, vipuri. Mashine za kutolea risiti zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Imepita zaidi ya miaka 10. Nani kati yetu hajaambiwa dukani, "Kaka, bei ya risiti ni hii, bila risiti ni hii"? Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka siku tatu kwa ajili ya ugomvi wa kodi, usajili wa stoo na kamata-kamata, mpaka Waziri Mkuu akaja kukutana nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yakafungwa tena, na safari hii mgomo ukaenea katika miji mingine.

Sisemi haya kumlaumu mfanyabiashara, wala kumlaumu mtoza kodi. Kila upande una maneno yake. Ninachosema ni hiki: ikiwa ni kazi ngumu namna hii kutoza kodi ya kitenge, ambacho kimekuja kwa meli, kimepita bandarini, kina hati, na kinauzwa mchana peupe katika duka lenye namba, ni nani atakayetoza kodi ya msokoto unaouzwa na kijana aliyeegemea mkokoteni? Msokoto ule hauna meli, hauna hati, wala duka. Tutamwambia yule kijana atoe risiti?

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mawazo tu, kwa kuwa hatujajaribu. Lakini Afrika Mashariki tumekwisha jaribu, ila kwa kilevi kingine. Tumejaribu kwa pombe ya moshi, yaani gongo.

Uganda ilitunga sheria yake ya enguli mwaka 1965, na sisi tukatunga yetu ya moshi mwaka 1966. Shabaha ya sheria hizo ilikuwa kutia pombe ya kienyeji ya kukeneka katika leseni na kuipeleka kiwandani isafishwe. Kule likapatikana Waragi la kiwandani, na huku, tangu miaka ya 1970, ikapatikana Konyagi. Viwanda vilifaulu, na Serikali zikapata ushuru wake. Je, gongo ilikwisha? Haikwisha. Mnywaji maskini hakuweza kulipa bei ya chupa yenye ushuru, akaendelea na ile ya uani.

Kenya walichukua hatua kubwa zaidi. Waliipiga marufuku chang'aa mwaka 1980. Mwezi Novemba 2000 watu zaidi ya 100 wakafa Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mwaka 2010 Bunge likatunga sheria mpya ya vileo, ile inayoitwa Sheria ya Mututho, na marufuku ya chang'aa ikafutwa. Fikira yao ilikuwa nzuri: tukiihalalisha tutaikagua, na tukiikagua haitaua. Lakini sheria ilitaka pombe hiyo iwekwe katika chupa ya kioo isiyopungua mililita 250, iwe na lebo na maneno ya onyo, na mtengenezaji awe na leseni. Mama anayepika chang'aa kwa pipa moja kibandani angepata wapi mashine ya kujaza chupa? Alibaki pale pale nje ya sheria. Na Mei 2014 watu zaidi ya 80 walikufa tena katika kaunti kadhaa kwa methanoli ile ile. Kuandika katika kitabu cha sheria kwamba kitu ni halali hakukitoi kibandani.

Na sisi tuna mfano wetu wa karibu zaidi, wa viroba. Viroba vilikuwa pombe halali, vyenye leseni na ushuru, vikiuzwa katika vifuko vidogo kwa bei ya chini kabisa. Mnakumbuka Kariakoo ilivyokuwa: vifuko vitupu vimejaa mitaroni, na wabeba mizigo wamelewa saa tatu asubuhi. Wanafunzi walivificha katika mifuko ya kaptura. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Viwanda vililalamika kwamba mali itaharibika, na Hazina ilijua kabisa kwamba inapoteza mapato. Lakini nchi iliamua kwamba yapo mapato yanayokula zaidi ya yanavyoleta. Anayetaka bangi iuzwe kwa ajili ya kodi lazima kwanza aeleze kwa nini tulikosea kuhusu viroba.

Kwa hiyo juu ya jambo la kwanza jibu langu ni hili: fedha hizo tunazoambiwa zinatungoja hazitungoji. Colorado walizipata kwa sababu walikuwa na mlango, na hata wao zilipungua. Sisi mlango hatuna.

Nije kwenye jambo la pili, la kulima kwa leseni na kuuza nje. Hapa sina neno kali, maana nchi kadhaa za Afrika zimelianza. Lesotho ilitoa leseni mwaka 2017, kabla ya wengine wote barani. Zimbabwe ikafuata mwaka 2018, Malawi mwaka 2020, na Rwanda iliweka kanuni mwaka 2021 za kulima kwa ajili ya dawa na kuuza nje tu, huku kuvuta kukibaki kosa. Umoja wa Mataifa nao, tarehe 2 Desemba 2020, uliiondoa bangi katika orodha ya dawa zilizobanwa kuliko zote chini ya Mkataba wa 1961, kwa kura 27 dhidi ya 25. Haukuihalalisha, kama wengine walivyotangaza, bali ulikubali kwamba ina matumizi ya tiba.

Lakini tuulize swali la kijamaa: faida ni ya nani? Zimbabwe ilipoanza, ada ya leseni ilikuwa dola 50,000. Juu ya hiyo mnunuzi wa Ulaya anataka banda la kioo, maabara, uzio, walinzi, na ushahidi kwamba kila mavuno yana nguvu ile ile. Huko Lesotho wakulima wa milimani walikuwa wakiilima bangi kwa miaka mingi, na fedha zake ziliwasomesha watoto wao. Leseni zilipokuja zilichukuliwa na makampuni yenye mitaji ya nje. Mkulima wa mlimani hakuwa na dola za ada, akabaki mhalifu kama zamani, na sasa ana mshindani mwenye karatasi. Wakati huo huo nchi nyingi ziliingia katika kilimo hicho na bei ya dunia ikaanguka. Sisi tuliokua tukisikia habari za katani tunajua mwisho wa hadithi ya zao ambalo kila mtu alilikimbilia. Kama Wizara zinazohusika siku moja zitaona lipo soko, na zijaribu kwa tahadhari. Lakini asidanganywe mtu yeyote kwamba mkulima wa Arumeru au Tarime ndiye atakayetajirika.

Sasa jambo la tatu, na hapa naomba waalimu wangu wanivumilie.

Tumfikirie kijana mmoja. Ana miaka 22, alimaliza darasa la saba, anasukuma mkokoteni kutoka Mtaa wa Kongo kwenda stendi. Mtu anampa salfeti aipeleke mahali, amlipe elfu kumi. Ndani mna kilo chache za bangi. Pengine anajua, pengine anahisi tu. Anakamatwa. Sheria haimwiti mchukuzi, inamwita msafirishaji wa dawa za kulevya. Akitiwa hatiani atatoka gerezani akiwa na miaka 52. Mwenye mzigo hajulikani.

Si hadithi ya kutunga tu. Yapo mashauri yaliyofika hadi Mahakama ya Rufani ya watu waliofungwa miaka 30 kwa kilo chache. Na katika darasa letu sisi, wale tuliokaa pamoja Kidato cha Nne wanajua kwamba yuko mwenzetu ambaye hayupo leo kwa sababu ya safari. Amekwenda mkoani kumtazama mdogo wake gerezani. Kila mwaka huenda mara mbili. Mama yao alifariki mtoto akiwa ndani. Sitasema zaidi, ila nawaomba mnapoijadili sheria hii mkumbuke kwamba si jambo la watu wa mbali.

Sasa tulinganishe. Kanuni ya Adhabu inasema unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30. Kubaka, kwa kawaida, ni kisichopungua miaka 30. Na kulima bangi ni miaka 30. Je, sisi kama jamii tunaamini kwamba mambo haya matatu yana uzito mmoja? Mtu aliyeingia nyumbani kwako usiku na panga, na mzee aliyepanda miche nyuma ya kibanda cha mbuzi, ni sawa? Adhabu ni lugha ambayo nchi huitumia kuwaeleza watu wake ubaya wa kila jambo. Ukipiga kelele ile ile kwa kila jambo, watu huacha kusikiliza.

Na uchumi wake? Mfungwa hulishwa, hulindwa, hutibiwa na Hazina ile ile tuliyokuwa tukiitafutia mapato. Miaka 30 ni miaka yote ambayo mtu angefanya kazi, angelipa kodi na kulea watoto. Watoto hao hulelewa na bibi, na wengine huishia stendi. Hiyo ni hesabu ambayo watu wa maduka na kodi hawaiandiki, na ni kubwa. Tena adhabu ikiwa kubwa kupita kiasi, huzaa bei nyingine pembeni. Mtu anayeona miaka 30 mbele yake yuko tayari kutoa chochote alicho nacho ili jambo liishie njiani. Mwenye fedha hupona, asiye nacho huenda mahakamani. Mtu mzima yeyote anaijua tabia hii ya adhabu nzito.

Wenzetu wamefanyaje? Afrika ya Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua tarehe 18 Septemba 2018 kwamba mtu mzima anayevuta faragha nyumbani kwake asiwe mhalifu. Sheria ya kutimiza uamuzi huo ilitiwa sahihi Mei 2024, na kuuza kukabaki kosa. Hawakufungua maduka. Jamaika mwaka 2015 waliamua kwamba anayekutwa na wakia 2, yaani gramu 57 hivi, apewe karatasi ya faini kama ya kosa la barabarani, asiandikwe katika kumbukumbu za wahalifu. Hiyo ni njia ya katikati. Thailand kwa upande mwingine walifungua mlango wote Juni 2022, maduka yakaota kama uyoga, na Juni 2025 wakarudi nyuma na kuagiza iuzwe kwa cheti cha daktari tu.

Nasisitiza kwamba sisemi bangi ni kitu chema. Madaktari wa akili wanatueleza kwamba inapomkamata kijana ambaye ubongo wake bado unakua, na hasa ile yenye nguvu, huongeza hatari ya wazimu. Nyinyi wadogo zetu wa Kidato cha Sita, mtu akikwambia inasaidia kusoma, mwulize alipata daraja gani. Lakini ugonjwa hutibiwa. Hapa hapa mjini, tangu Februari 2011, Hospitali ya Muhimbili imekuwa ikiwapa methadoni watumiaji wa heroini, dawa mbaya kuliko bangi mara nyingi. Tumekwisha kubali kwamba mtumiaji wa heroini ni mgonjwa anayestahili kikombe cha dawa kila asubuhi. Basi akili inakataa kwamba aliyebeba salfeti ya bangi hafai kwa lolote ila miaka 30.

Lipo pia jambo la mipaka. Marekani kila jimbo lilijiamulia, lakini sheria ya shirikisho ikaendelea kukataza, na kwa hiyo mabenki mengi yaliogopa fedha za maduka yale, na mtu aliyekuwa mfanyabiashara halali katika jimbo moja alikuwa mhalifu akivuka mto. Sisi tunalijua jambo hilo kwa mirungi. Kenya miraa ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria. Ukivuka Namanga nayo, ni dawa ya kulevya. Na sisi ni nchi ya Muungano wenye sheria mbili za dawa, moja Bara na moja Visiwani, na boti kati ya Dar es Salaam na Unguja ni mwendo wa saa mbili tu. Badiliko lolote la kufungua maduka lingetaka pande zote mbili zikubaliane, na majirani wasihamaki. Badiliko la adhabu halitaki hayo. Linataka Bunge tu.

Ndugu Mwenyekiti, nakaribia mwisho. Nimesema kwamba kodi tunayoahidiwa ni ndoto, kwa sababu hatuna mlango wa kuikusanyia. Nimesema kwamba kilimo cha leseni ni biashara ya wenye mitaji, na si ukombozi wa mkulima. Na nimesema kwamba kinachotuumiza leo ni kipimo cha adhabu. Kibaya ni kwamba hoja ya kwanza inaiua ya tatu. Kila mtu anaposimama kutaka adhabu itazamwe upya, huulizwa: "Kumbe na wewe unataka maduka ya bangi?" naye hukaa kimya. Mimi sitaki maduka. Nataka hakimu apewe nafasi ya kumtofautisha mchukuzi na mwenye mzigo, mche mitano na ekari tano, mgonjwa na mfanyabiashara. Nataka kipimo cha matumizi ya mtu binafsi kiandikwe kwa namba ambayo askari, mshtakiwa na hakimu wote wanaiona.

Na kwa kuwa hatukukutana hapa kusema tu, natoa pendekezo moja. Miongoni mwetu wamo mawakili, nimewahesabu katika orodha ya waliohudhuria. Tangu mwaka 2017 tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria. Vijana wengi wa mitaa inayoizunguka shule hii husomewa mashtaka ya namna hii bila wakili pembeni mpaka kesi imekwisha kwenda mbali. Chama chetu kinakusanya michango kila mwaka kwa ajili ya rangi ya madarasa na vikombe vya michezo, na ni vema kiendelee. Napendekeza sehemu ya michango hiyo, na Jumamosi moja ya kila mwezi ya mawakili wetu, ziwekwe kwa ajili ya vijana hao, ili anayestahili kushtakiwa kama mtumiaji asihukumiwe kama tajiri wa magendo.

Wanachama watalijadili pendekezo hili katika kipindi kinachofuata.